Kuanguka kwa Mbogo wa Bukundi

Namba ya kwanza ya "Mbogo wa Bukundi" tuliitoa mwezi wa tatu mwaka 1973, nakala arobaini, kwenye karatasi ambazo upande wa pili zilikuwa fomu za pamba zilizokosewa. Nasema tuliitoa, lakini kazi yangu ilikuwa ndogo. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba hapa Bariadi, na ofisi ilikuwa na mashine moja ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mchoraji alikuwa Januarius, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwembamba ambaye kola yake haikukosa wino hata Jumapili kanisani. Alichora kwa msumari alionoa mwenyewe, juu ya karatasi ya stensili, pole pole, maana msumari ukikaza nta inapasuka na picha yote inaharibika. Akimaliza, mimi napiga maneno kwa taipureta. Jumamosi mchana, mkubwa wangu akishakwenda kwake, tunazungusha mpini.

Kilikuwa kitabu cha katuni cha mieleka. Si mieleka ya wachungaji wanaoangushana machungani. Hii ilikuwa mieleka ya ulingoni, yenye kamba, kengele, mavazi ya rangi na majina ya kutisha. Bariadi nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuicheza isipokuwa mmoja, na huyo ndiye tuliyemchora.

Machibya alizaliwa Bukundi. Ujanani alikwenda Mwanza kubeba marobota ya pamba, na huko bwana mmoja mwenye kundi la wanamieleka akamwona anainua robota peke yake, akamchukua. Miaka sita alizunguka na kundi lile: Mwanza, Musoma, Kisumu, mpaka Kampala. Aliporudi alimwoa Kwandu, akajenga ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka mjini, akazungushia mji wake ua wa minyaa na kufuga ng'ombe wachache. Hawakupata mtoto. Shingo yake ilikuwa nene kama ya fahali, lakini akitaka kutazama pembeni aligeuka mwili mzima.

Siku ya kwanza tulikwenda kwake asubuhi, Januarius na mimi.

"Mwangaluka, baba," Januarius alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Tulipewa vigoda. Januarius hakungoja hata maji ya kunywa, akatoa daftari. "Baba, katika miaka yote ile uliwashinda wangapi?"

Machibya alitazama upande wa jikoni, akaona Kwandu yuko mbali, ndipo akajibu. "Sikumshinda hata mmoja."

Tulidhani anatania.

"Mieleka ile inapangwa, mwalimu. Kabla hamjaingia mnakubaliana nani ataanguka. Mimi nilikuwa mtu wa kuanguka. Watu wanakuja kuona jitu kubwa linaangushwa na mwenye jina. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ni kazi ngumu. Kushinda, mtu yeyote anashinda."

Kisha akainuka, akatembea hadi katikati ya uwanja uliofagiliwa, na bila kuguswa na mtu akajitupa chali. Kishindo chake kilitisha. Kuku walitawanyika, Kwandu akatoka mbio jikoni na mwiko mkononi. Machibya alikuwa ameshakaa, anajipangusa vumbi, anacheka.

"Kidevu kifuani," alitufundisha. "Mkono upige chini kabla ya mgongo. Pumzi unaiachia. Na anayekurusha akushike kiunoni, asikuguse miguu wala shingo. Mimi kule Kampala mwenzangu alikuja amelewa, akaniachia kichwa kikiwa chini. Ndiyo shingo hii mnayoiona. Daktari aliniambia, Machibya, ukiangukia kichwa mara nyingine, basi."

Januarius alifunga daftari. "Sasa nichore nini, baba?"

Yule bwana alikwangua udongo kwenye kiwiko. "Chora nikishinda," alisema. "Mara moja. Na mimi nione inakuwaje."

Mara moja ikawa mara tatu. Namba ya kwanza Mbogo alimwangusha Chui wa Kisumu. Namba ya pili aliwaangusha ndugu wawili kwa pamoja. Karatasi zile zilifika mbali kuliko tulivyotazamia. Bi Asumini, mwenye duka karibu na soko, alitundika nakala moja kwa uzi juu ya mizani, na kwa kuwa mwaka ule rafu zilikuwa na viberiti kuliko sukari, watu walikuja dukani kusomewa. Wengine waliazima wakarudisha karatasi imelowa mafuta, imechanika pembeni. Nilisikia moja imefika Lamadi mikononi mwa wachuuzi wa samaki.

Na Machibya akabadilika. Zamani akipita njiani alikuwa mtu wa shingo mbovu. Sasa wazee walimwachia kiti. Wanawake wa kisimani walimwuliza Kwandu anampikia nini. Siku za mnada alikuja mjini, akakaa kwenye benchi la Bi Asumini, akasikiliza ushindi wake ukisomwa kwa sauti. Hakuwahi kusema ni kweli, hakuwahi kusema ni uongo. Alikaa pale mikono magotini kama mtu anayeota jua baada ya homa. Hata mkewe hakumwambia. Tuliojua tulikuwa watatu.

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Kila mtu atahamia kijijini, tukaambiwa, watu wakae pamoja wapate shule, maji na zahanati. Wengine walihama wenyewe. Watu wa ng'ambo ya mto hawakutaka. Makaburi ya baba zao yalikuwa pale, mashamba yao yalikuwa yameshiba samadi, na kijiji kipya kilikuwa kimepimwa mbugani, kwenye udongo mweusi usio na mti. Walipewa tarehe, ikapita. Wakapewa nyingine. Walipoulizwa watafanya nini magari yakija, walijibu, "Sisi tunaye Mbogo."

Walicheka waliposema hivyo. Ila walisema.

Ndipo Januarius akachora namba ya nne. Mpinzani safari hii aliitwa Bwana Lori, mtu mkubwa mwenye macho mawili kama taa za gari, anayewabeba wenzake na kuwatupa nje ya kamba. Kila aliyeona alielewa. Machibya alipata habari, akaja ofisini kwetu mchana, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, hii usiitoe."

"Ni mieleka tu, baba."

"Nani anajua kuwa ni mieleka tu? Wewe, mimi, na huyu mayu." Alinionyesha kwa kidevu; mayu kwetu ni mama. "Watu wanaanza kunitazama vibaya. Wananitazama kama ngao."

"Na wao wana haki ya kuwa na ngao," alisema Januarius. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Machibya aligeukia kwangu, mwili mzima kama kawaida yake. "Mayu Felisita, mwambie."

Sikumwambia. Nilikuwa na uchungu wangu. Mjomba wangu alikuwa amehamishwa upande wa Maswa na mtama wake ukiwa bado shambani. Tena nilipenda kazi yetu, nilipenda kusikia watu dukani wakikariri maneno niliyoyapiga mimi. Katika picha ya mwisho Januarius alikuwa ameandika, "Ulingo ni wangu, siondoki." Mimi, nilipokuwa napiga, nikaona neno lile limelegea. Nikaandika, "Ulingo ni wangu, sing'oki!" Nakala themanini. Hatujawahi kutoa nyingi kiasi kile.

Magari yalikwenda mwezi wa tisa. Walimu na makarani tuliazimwa kwa ajili ya kuandikisha kaya, hatukuulizwa kama tunataka. Januarius alipewa daftari la watu, mimi la vyombo: vyungu, majembe, vitanda. Tulipanda lori moja na mgambo kumi na wawili, bunduki mbili, na madebe ya mafuta ya taa ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nini. Njia nzima Januarius alitazama viatu vyake.

Tulifika asubuhi, umande bado. Watu hawakuwa majumbani mwao. Wanaume kama hamsini walikuwa wamesimama uwanjani kwa Machibya, wenye fimbo, wenye mikuki, wengine na pinde na mishale. Wanawake walikuwa nyuma, kwenye minyaa. Tuliposhuka wakaanza kupiga kelele, kwanza mmoja mmoja, kisha wote.

"Sing'oki! Sing'oki! Sing'oki!"

Nilishika daftari langu kwa mikono miwili. Lilikuwa neno langu.

Mkuu wa mgambo aliitwa Mahona, kijana wa huku huku, mtoto wa mjane mmoja wa nyuma ya kanisa. Alikuwa na kofia kubwa kuliko kichwa chake. Aliamuru watu watawanyike, hawakutawanyika. Aliamuru tena. Mmoja wa wenye bunduki aliishusha begani. Upande wa pili niliona mzee mmoja anaweka mshale kwenye uzi wa upinde.

Machibya akatoka ndani. Alikuwa kifua wazi. Kelele zilipanda, kisha zikakatika zenyewe, na watu wakarudi nyuma wakafanya duara bila kuambiwa. Alitembea taratibu hadi kwa Mahona, akamshika mabega kama mtu anayeanza kupigana, paji la uso kwa paji la uso. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nyuma ya Mahona, kwa sababu ndipo nilipoambiwa nisimame. Januarius alikuwa upande wa lori, mbali.

"Kijana," Machibya alinong'ona, "unanijua?"

"Nakujua, baba. Namba tatu ninayo nyumbani." alijibu Mahona.

"Basi nisikilize. Nisukume kidogo. Mimi nitakusukuma. Halafu nishike kiunoni, uniinue, uniachie. Mengine ni kazi yangu. Nikianguka sitaamka, na wao wakiona nimelala watapanda gari. Usimpige mtu. Usichome kitu. Umesikia?"

"Nitakuumiza, baba."

"Huniumizi. Kiunoni tu. Usiguse shingo."

Wakasukumana. Nimeyaona mambo mengi tangu siku ile, lakini sijaona tena mtu akifanya kazi yake vizuri namna ile. Machibya alinguruma, alikanyaga ardhi, alimzungusha Mahona mpaka kofia ikaruka. Watu walishangilia. Alimfanya yule kijana aonekane ana nguvu. Kisha nikaona anampa kiuno, na Mahona akamshika, akainua, na Machibya akapanda hewani mwepesi kama mtoto.

Lakini mgambo wenzake hawakujua kitu. Mmoja alidhani mkuu wake anazidiwa, akaruka na kumkamata Machibya mguu, akauvuta kwa nguvu zote. Mwili uligeuka juu chini. Mkono wake ulipapasa ardhi, haukuifikia. Alishuka na kichwa.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Kile cha siku ya kwanza, cha kuku kutawanyika, kilikuwa kikubwa zaidi.

 Wote walingoja ainuke, kwa maana kwenye picha aliinuka kila mara. Mahona alipiga magoti, akaita, "Baba! Baba!" Yule mzee aliondoa mshale kwenye upinde. Mkuki mmoja uliwekwa chini, kisha wa pili. Kwandu alipita katikati ya wanaume akiwasukuma kwa viwiko, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani.

Watu walipanda gari, kama alivyosema. Hakuna aliyepigwa. Nyumba hazikuchomwa, zilibomolewa mapaa tu. Machibya alibebwa mwisho, juu ya mlango wake uliong'olewa, na mimi nikaandika kwenye daftari: vyungu vinne, majembe mawili, kitanda kimoja cha kamba.

Hakufa siku ile. Kuanzia shingoni kushuka hakuwa na kitu. Alisema, alimeza uji, alifumba na kufumbua macho, basi. Kwandu alijengewa kibanda mwisho wa mstari wa nyumba, huko mbugani, na watu waliotoka naye ng'ambo ya mto wakajenga pande zote mbili. Ila hawakuja kumwona. Hapo mwanzo nilidhani ni aibu. Kisha Bi Asumini akaniambia yanayosemwa dukani.

"Wanasema alinunuliwa," alisema. "Wanasema watu waliwaona, yeye na yule mgambo, wananong'onezana kabla ya kupigana. Kisha akainuliwa kama gunia tupu. Mtu aliyemwangusha Chui wa Kisumu!" Aliipapasa ile nakala iliyotundikwa, akaikata uzi. "Mwanangu, mimi siamini. Lakini wateja hawataki tena kuiona."

Nilimweleza Januarius nilichosikia siku ile. Alikaa chini kwenye ngazi za ofisi, akalia waziwazi, watu wakipita. Kesho yake tulikwenda mbugani wote wawili. Kwandu alikuwa amekwenda kuteka maji mbali. Maji ya bomba tuliyoahidiwa yalikuwa hayajafika. Machibya alikuwa amelala akitazama paa.

"Baba, nitachora namba ya tano," Januarius alisema. "Nitachora yote. Mieleka inavyopangwa, ulivyomwambia Mahona, kila kitu. Watu wajue ulichowafanyia."

"Hapana."

"Wanakuita msaliti!"

"Nasikia. Ukuta ni wa miti tu, nasikia kila kitu." Alipumzika kwanza, maana pumzi ilikuwa fupi. "Ukichora, wakubwa watajua Mahona alipatana na mimi. Atafungwa. Ana mama yake. Tena hawa watu, mwalimu, leo wana hasira na mimi. Wakijua kwamba hakuna mtu aliyenunuliwa, hasira wataipeleka wapi? Watachukua tena mikuki. Niache nianguke."

"Basi tumwambie mama Kwandu peke yake," nilisema.

"Kwandu hawezi kunyamaza nikitukanwa. Atasema siku hiyohiyo. Mayu, uniapie."

Nikaapa. Januarius naye akaapa, amegeukia ukutani.

Mahona alikuja mara mbili, bila kofia, kumsaidia Kwandu kumgeuza mgonjwa ili vidonda vya mgongo visizidi. Mara ya pili Kwandu alimtoa kwa mchi. Alimpiga begani mbele ya majirani, na Mahona hakukinga. Majirani walicheka, walisema mnunuzi amekuja kulipa deni.

Januarius hakuchora tena. Nakala za namba ya nne zilizobaki nilizichoma mwenyewe nyuma ya ofisi, kwa kuwa maswali yalikuwa yameanza kuulizwa kuhusu karatasi za fomu. Kabla ya Krismasi aliomba uhamisho, akapelekwa kufundisha Lagangabilili. Aliniandikia barua moja. Ilihusu mvua na idadi ya wanafunzi.

Machibya alikufa mwezi wa pili, wakati mbuga imejaa maji na kibanda kile kimezungukwa na tope pande zote. Kaburi lilichimbwa na watu wanne: katekista, Mahona, na ndugu wawili wa Kwandu waliotoka Bukundi. Kila walipochimba maji yaliingia, wakawa wanayateka kwa sufuria. Majirani walisimama milangoni mwao. Hakuna aliyevuka.

Nilikaa wiki moja, kisha nikarudi kwa Kwandu. Niliona kiapo kimekwisha kwa kuwa niliyemwapia amekufa. Nilimkuta anapepeta mtama mlangoni.

"Mama," nilimwambia, "baba hakununuliwa. Alipanga na Mahona amwangushe, ili watu wasipigwe risasi. Ni yule mwingine aliyevuta mguu ndiye aliyeharibu. Nilikuwa karibu nao, nilisikia kila neno."

Aliacha kupepeta. "Ulisikia lini?"

Sikulielewa swali. "Siku ileile, mama."

"Siku ileile." Aliweka ungo chini pole pole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Miezi mitano watu wanapita mlangoni kwangu bila kupiga hodi. Yule kijana nimempiga kwa mchi. Na mume wangu, Felisita, mume wangu nilikuwa nikimlisha uji, kila kijiko namwuliza: Machibya, walikupa nini? Uliniuza kwa nini? Kila siku. Alikuwa anafumba macho tu. Amekufa nikiwa namwuliza."

"Alituapisha, mama. Alituambia tusi—"

"Aliwaapisha ninyi. Mimi nilikuwa mke wake."

Akachukua ungo wake, akaingia ndani, akavuta mlango. Ulikuwa ule mlango aliobebewa Machibya. Nilisimama nje mpaka watoto wa jirani wakaanza kunishangaa, kisha nikavua viatu nikaondoka, maana tope la mbuga lilikuwa linavivuta miguuni.

Baadaye nilisikia kwamba Kwandu alizunguka kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, akiwaeleza. Alianza na ya kwanza kwenye mstari, akamaliza ya mwisho. Wengine walimwamini, wakainamisha vichwa. Wengine walisema, mjane atasema nini tena.